Jicho likilegea kwa mwenye sukari: tusikimbilie kusema "ni sukari tu"

Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wa mbali.

 

Mkutano uliopita tuliongea juu ya michango ya mazishi na shamba la mahindi. Leo mulituomba tuongee juu ya jicho, juu ya kile kilichowapata wenzetu wawili tangu mvua ilipoanza. Katika kamati yetu wawili ni wauguzi. Sisi wengine ni wazazi tu ambao tumezoea kusindikiza wagonjwa lopital. Tulikaa na munganga wa macho na munganga wa sukari, tukauliza, tukaandika. (Tukisema munganga hapa, ni yule wa lopital.) Maneno haya hayachukui nafasi yake. Yatawasaidia kujua wakati wa kukimbia, wakati wa kungoja, na maswali ya kuuliza mukifika mbele yake.

Munajua wenyewe tulivyo. Wengi wetu tulirudi kutoka Zambia kati ya mwaka 2007 na 2010, kutoka kambi za Kala na Mwange, wengine kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba, wengine kwa njia ya Pweto, kisha tukashuka mjini kutafuta maisha. Mwenye alirudi na miaka 40, leo anakaribia 60. Sukari na tansio zimeingia katika nyumba zetu. Kwa hiyo jambo hili si la watu wawili tu.

Wenzetu wawili

Wa kwanza ni mama mumoja wa Katuba, mwenye miaka 60 hivi, mwenye sukari tangu miaka kumi. Alianza na maumivu nyuma ya jicho la kuume. Kisha siku mbili kope ya juu ilishuka, ikafunika jicho lote. Akiinyanyua na kidole, anaona viwili-viwili. Alituambia: "Miye naona batu babili fasi kuko mumoja." Ndugu wa mume walianza kuongea mambo ya bulozi. Munganga alimulika macho yote mawili na tochi: mboni, yaani ule uwazi mweusi katikati ya jicho, zilikuwa sawa, na zote mbili zilijifunga vizuri kwa mwangaza. Sukari yake ilikuwa juu, tansio pia. Alipimwa, alitunzwa, aliangaliwa tena na tena. Mwezi wa tatu kope ilipanda na jicho likaanza kutembea. Leo anauza sombe sokoni kama mbele.

Wa pili ni baba mumoja wa Ruashi, mwenye miaka 52, naye mwenye sukari. Kope ilishuka, jicho likavutwa upande wa inje, akaona viwili-viwili. Ukiwaweka yeye na mama karibu-karibu, ungesema ni ugonjwa moja. Lakini kichwa kilimuuma kwa nguvu ambayo hakuijua maisha yake yote, na mboni ya jicho lile ilikuwa kubwa, haikujifunga hata mbele ya mwangaza. Fasi alipofika kwanza aliambiwa: "Uko na sukari, njo ile. Rudi kisha miezi tatu." Siku ya nne alianguka nyumbani. Skana ilifanyika akiwa amekwisha kupoteza fahamu, nayo ilionyesha damu imezunguka ubongo. Mshipa wa damu uliovimba ndio uliokuwa unabana neva ya jicho, na mshipa ule ulipasuka. Tulimzika juma lile.

Hatutaji fasi alipopita, juu hatukuja hapa kushitaki mutu. Tunawaomba mushike jambo moja: wote wawili walikuwa na sukari, lakini sukari ilikuwa sababu ya jicho kwa mumoja tu.

Jicho linatembezwa na nini

Kila jicho liko na misuli sita ya kulitembeza. Misuli hiyo inapata amri kutoka ubongo kwa njia ya neva tatu, yaani mishipa ya fahamu. Waganga wanaziita kwa hesabu: ya tatu, ya nne na ya sita.

Neva ya tatu njo yenye kazi nyingi. Inatembeza misuli minne, inanyanyua kope ya juu, na inafunga mboni wakati wa mwangaza. Ikilegea, kope inashuka na jicho linakwenda inje na chini. Neva ya nne inatembeza musuli moja tu, ule unaosaidia kuangalia chini. Ikilegea, mutu anaona viwili-viwili akishuka ngazi ama akisoma, na mara nyingi anainamisha kichwa upande moja ili picha zirudi kuwa moja. Neva ya sita inatembeza musuli moja vilevile, ule wa kupeleka jicho upande wa sikio. Ikilegea, jicho linavutwa upande wa pua, na mutu anaona viwili hasa akiangalia mbali ama kwa upande.

Musichanganye neva hizo na neva ya saba, ile ya uso. Huku kwetu watu wanasema "amepigwa upepo" kwa mambo yote mawili. Shikeni hivi: jicho likikataa kufunguka, fikirieni neva ya tatu. Jicho likikataa kufunga na mdomo ukaenda upande, fikirieni neva ya saba. Na kama pamoja na hayo mkono ama mguu umelegea, ama maneno hayatoki vizuri, ubongo wenyewe unaweza kuwa umepigwa. Hapo hakuna kungoja hata saa moja.

Sukari inafanya nini kwa neva

Neva nayo inakula. Chakula chake ni damu inayopita katika mishipa midogo sana. Sukari ya miaka mingi, tansio, mafuta mengi ndani ya damu na tumbako vinafanya kuta za mishipa hiyo kuwa nene, na siku moja njia inazibika. Sehemu ya ndani ya neva inakosa damu, na kwa siku moja ama chache jicho linaacha kutembea. Mara nyingi kunakuwa maumivu kuzunguka jicho ama kwenye paji la uso. Kwa hiyo maumivu peke yake hayatuambii kama ni sukari ama hapana.

Sasa, juu ya nini waganga wanaangalia mboni sana? Ndani ya neva ya tatu, nyuzi zinazofunga mboni zinapita inje-inje, karibu na ganda. Fikirieni muti. Ukikosa maji, unaweza kukauka katikati huku ganda linabaki zima. Lakini mutu akiufunga kamba kwa nguvu, ganda njo linaumia kwanza. Sukari inafanya kama kukosa maji: inaua njaa sehemu ya katikati, na mara nyingi mboni inabaki sawa. Kitu kinachobana kutoka inje, kama mshipa wa damu uliovimba ama uvimbe mwingine, kinafanya kama kamba: kinagusa nyuzi za mboni mapema, na mboni inapanuka.

Munganga alitukataza kuifanya kanuni hii kuwa ya chuma, na sisi tunawapa makatazo yake matatu. La kwanza: mboni iliyo sawa inatuliza roho tu kama kope imeshuka yote na jicho limelegea kabisa. Kama kope imeshuka nusu na jicho bado linatembea kidogo, mboni iliyo sawa leo inaweza kupanuka kesho. Mgonjwa wa namna hiyo anaangaliwa kila siku katika juma la kwanza. La pili: kuko wenye sukari ambao mboni yao inabadilika kidogo, na bado sababu ni sukari. Kupima udogo wa tofauti hiyo ni kazi ya munganga, si ya jirani. La tatu: mboni iliyopanuka wazi, na jicho lililolegea, ni hatari ya siku ileile mpaka skana ionyeshe kinyume.

Kuko pia upande mwingine wa jambo. Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilitoa hesabu za mwaka 2024: watu wazima milioni 589 duniani wako na sukari, na katika Afrika yetu ya kusini ya Sahara zaidi ya saba kati ya kumi hawajui kama wako nayo. Kwa hiyo jicho lililolegea linaweza kuwa barua ya kwanza ambayo sukari inamuandikia mutu. Mwenye anasema "miye sina sukari" bila kupimwa, tumupime kwanza.

Vitu vinavyojificha nyuma ya jina la sukari

Mutu akiwa na sukari hajafungiwa mlango wa magonjwa mengine. Tulipouliza ni nini kingine kinacholegeza jicho, tulipewa orodha ndefu. Tunawapa yale yanayohusu watu wetu zaidi.

Kuko ule mshipa wa damu uliovimba, tulioueleza. Kuko ugonjwa wa utando wa ubongo: kifua kikuu kinaweza kufika huko, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI kuna kuvu kinachoitwa kriptokoko. Mgonjwa anakuwa na kichwa kinachouma kwa majuma, homa, anapunguka kilo, shingo inakaza, kisha neva ya sita inalegea. Neva hiyo iko na safari ndefu ndani ya kichwa. Shinikizo likipanda humo, inaweza kulegea hata kama ugonjwa uko mbali nayo. Kaswende ya zamani isiyotunzwa nayo inaweza kupiga neva za macho.

Kuko kuvu ingine, ile nyeusi, ambayo inapenda mwenye sukari iliyopanda sana, hasa yule ambaye damu yake imekuwa na asidi. Inaanza puani, inapanda kwenye jicho. Uso unavimba na kuuma, pua inatoa kitu cheusi, homa inakuja, jicho linakaza. Hapa sukari imefungua mlango, lakini anayeua ni kuvu. Dawa yake ni ya lopital kubwa, pamoja na upasuaji, na kila saa iko na bei yake.

Kuko ugonjwa wa misuli inayochoka. Asubuhi kope iko juu, magaribi imeshuka. Mutu akilala kidogo inapanda tena. Munganga anaweza kuweka barafu iliyofungwa katika kitambaa juu ya kope kwa dakika mbili. Ikipanda, anaanza kufikiria ugonjwa huo. Hapo mboni haiguswi, kwa hiyo ni rahisi kuuita sukari. Kuko ugonjwa wa tezi la shingo, ambapo macho yanatoka inje na misuli yake inanenepa. Kuko pigo la ajali, hasa ya pikipiki. Na kwa mzee ambaye kichwa kinamuuma upande wa panja na taya inachoka akitafuna bukari, kuko ugonjwa wa mishipa ya damu unaoweza kupofusha. Ni nadra kwetu, lakini munganga anauuliza.

Tuongee wazi pia juu ya lutuku. Mwenye kunywa sana bila kula anakosa vitamini B1. Macho yanaacha kutembea vizuri, anayumba hata asubuhi hajanywa, mawazo yanachanganyikiwa. Watu wanasema amelewa. Sindano ya B1 ikitolewa mapema inaweza kuokoa macho na akili yake.

Munganga anatafuta sababu namna gani

Tunawapa hatua kwa mpangilio, juu mara nyingi tunakimbilia skana kabla ya kufanya vitu visivyolipwa.

Kwanza, kufunika jicho moja. Kama picha mbili zinapotea ukifunika jicho lolote, macho hayaendi pamoja, na neva ama misuli inaweza kuwa na shida. Kama picha mbili zinabaki hata ukiangalia na jicho moja tu, shida iko ndani ya jicho lenyewe, kwa mfano mtoto wa jicho. Pale hakuna haja ya skana ya kichwa. Kila mutu anaweza kufanya hivyo nyumbani.

Pili, maswali. Ilianza siku gani, kwa ghafla ama polepole? Kichwa kinauma namna gani? Kuko homa, kikohozi, kupunguka kilo? Ulianguka? Inabadilika asubuhi na magaribi? Dawa gani unakunywa? Mwenye kusindikiza mgonjwa aandike majibu hayo kwenye karatasi, juu mgonjwa mwenye maumivu anasahau.

Tatu, tochi ndani ya chumba kisicho na mwangaza mwingi. Mboni mbili zinalinganishwa, moja kisha ingine.

Inne, kidole cha munganga kinatembea juu, chini, kuume na kushoto, na macho yanakifuata. Hapo anajua ni neva gani. Neva mbili ama zaidi zikilegea pamoja, ama macho yote mawili, haruhusiwi kusema ni sukari tu. Lazima atafute zaidi.

Tano, uso, mikono, miguu, kutembea na shingo. Sita, kuangalia nyuma ya jicho na chombo cha mwangaza, kuona kama kuna uvimbe unaoonyesha shinikizo ndani ya kichwa. Hapo hapo anaona kama sukari imeanza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, jambo ambalo kila mwenye sukari anapaswa kuangaliwa kila mwaka.

Saba, vipimo vya damu na tansio: sukari ya siku ile, sukari ya miezi mitatu, virusi vya UKIMWI, kaswende, na kipimo kinachoonyesha kama mwili unapigana na uvimbe fulani. Nane ndiyo skana ama IRM, na kama anaogopa ugonjwa wa utando wa ubongo, maji ya mgongo baada ya skana.

Juu ya skana, mukumbuke mambo mawili. Skana ya kawaida, bila dawa ya kuonyesha mishipa, inaweza kutoka safi huku mshipa uliovimba uko pale. Kwa hiyo muulize: "Munganga, hii itaonyesha mishipa ya damu?" Na dawa hiyo inapita katika figo. Mwenye sukari asiingie kabla ya kusema kama figo zake ziko na shida na kama anakunywa metiformini.

Ni nani hasa asiyeweza kungoja skana? Mwenye mboni iliyopanuka. Mwenye kichwa kilichouma kwa ghafla na kwa nguvu. Mwenye neva zaidi ya moja. Mwenye homa, shingo ngumu, ama udhaifu wa mkono na mguu. Mwenye uso uliovimba na pua yenye weusi. Mwenye umri mdogo. Na yule ambaye miezi mitatu imepita bila jicho kurudi: huyo naye jina la sukari linafutwa, kutafuta kunaanza upya.

Karatasi za Zambia

Hili linatuhusu sisi waliorudi kuliko wengine. Wengi wetu tunapimwa mara hapa, mara ng'ambo ya Kasumbalesa. Karatasi ya Zambia imeandikwa Kiingereza na inahesabu sukari kwa milimoli. Karatasi ya hapa imeandikwa Kifaransa na inahesabu kwa miligramu, ama kwa gramu kwa lita. Kwa hiyo 7 ya Ndola ni 126 ya Lubumbashi, ama 1,26 ukiandika kwa gramu. Ndiyo namba ileile ambapo mutu aliyelala bila kula anaitwa mwenye sukari. Ukitaka kugeuza milimoli kuwa miligramu, zidisha mara 18.

Tumekwisha kusikia mutu anasema: "Sukari yangu ni 15, iko chini kabisa." 15 ya Zambia ni 270 ya hapa. Munganga anayetafuta sababu ya jicho anahitaji kujua sukari imekuwa juu tangu lini. Karatasi isipoeleweka, historia yote inapotea. Tunaomba kila mwenye sukari abebe daftari moja, aandike namba na jina la kipimo pembeni, na jina la dawa jinsi lilivyoandikwa kwenye kifungo, si rangi ya kidonge.

Kungoja si kukaa bure

Kama munganga ameangalia vyote na amesema ni sukari, kuko habari njema: wengi wanapona ndani ya miezi mitatu hivi. Hakuna sindano ya kuamsha neva. Kinachofanyika ni kushusha sukari na tansio polepole, kuacha tumbako, na kufunika jicho moja ili picha mbili zisisumbue. Mwenye kufunika jicho asiendeshe pikipiki wala gari, asipande ngazi ya kujenga, na awe mwangalifu akivuka barabara, juu hawezi kupima umbali vizuri. Kichwa kikibadilika, mboni ikipanuka, ama neva ingine ikilegea wakati wa kungoja, arudi siku ileile.

Kuko vitu viwili tunawakataza kwa nguvu. Musitie maji ya majani ndani ya jicho. Yanaweza kuchoma kioo chake, na ugonjwa hauko pale. Na musinunue dekza barabarani. Dekzametazone inapandisha sukari, inaweza kumuangusha mgonjwa kabla ya jicho kupona. Maombi tunayakubali, wachungaji wetu wako hapa na wanatusikia. Maombi na tochi vinaweza kwenda pamoja.

Sanduku letu

Sasa tufike kwenye jambo la kuamua. Familia ya baba wa Ruashi ilipoambiwa irudi nyumbani, mtoto wake mkubwa hakuridhika. Alizunguka kwa ndugu siku tatu akikusanya pesa ya skana. Sheria yetu ya sasa inasema msaada wa ugonjwa unapita kwanza katika mkutano wa mwezi. Mutu akijua hivyo, hata haji kuuliza.

Kamati inaleta mapendekezo matatu, tutapiga kura leo.

La kwanza: sehemu ya sanduku itengwe kwa hatari za siku ileile, nayo ifunguliwe kwa sahihi mbili, ya mweka hazina na ya muuguzi mumoja wa kamati, bila kungoja mkutano. Hesabu italetwa mbele yenu mwezi unaofuata, pamoja na karatasi za lopital.

La pili: alama za hatari tulizotaja ziandikwe kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, na kila nyumba ya mwanachama iwe nayo. Mgonjwa akifika kwa munganga aioneshe. Si kumfundisha kazi yake. Ni kuuliza swali la mboni mbele ya kusikia "ni sukari".

La tatu: wauguzi wetu wawili wapime sukari na tansio kila mkutano, na wafuate kila mwanachama ambaye jicho limelegea, kwa kumtembelea nyumbani na tochi katika juma la kwanza.

Kwa nyinyi wafadhili: hatuwaombi mashine ya skana. Mashine ziko mjini, kwenye lopital kubwa kama Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu munaweza kuwaona waganga waliosomea hayo. Kile kinachokosekana ni pesa kwa saa ya kwanza, usafiri kutoka Ruashi ama Katuba usiku, vijiti vya kupimia sukari, na tochi ndogo zenye betri. Ukituma kidogo kwa ajili ya sanduku la siku ileile, ujue kinaenda wapi: kinanunua zile siku tatu ambazo mtoto wa mwenzetu alizimaliza akizunguka kwa ndugu.

Mjane wa baba yetu yuko kati yetu leo. Tulimuuliza kama tunaweza kuongea juu ya ugonjwa wa mume wake bila kutaja jina. Alijibu: "Museme, ili bengine bajue." Tumesema. Tunamushukuru. Sasa maswali, kisha kura.